Ramani ya Mji na Ardhi ya Pwani: Upangaji wa Matumizi ya Ardhi Unguja Ukitazamwa kutoka Kendwa, 1923–2022

Historia ya upangaji wa ardhi Unguja kwa kawaida huandikwa kama historia ya Mji wa Zanzibar. Insha hii inaitazama historia hiyo kutoka Kendwa, kijiji cha pwani ya kaskazini-magharibi, jirani na Nungwi. Hoja yake ni kwamba kwa takriban miaka sabini wapangaji waliushughulikia mji na kuliacha shamba nje ya ramani zao. Na pwani ilipoingizwa katika ramani, iliingizwa kwa ajili ya matumizi mapya, huku matumizi ya zamani yakikosa alama ya kuyawakilisha.

Mpango wa kwanza wa mji, ulioandaliwa na H. V. Lanchester na kuchapishwa mwaka 1923, ulihusu bandari, barabara na makazi ya Ng'ambo. Dekrii ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1955 ilivitaja vijiji katika jina lake, lakini utekelezaji wake ulitegemea eneo kutangazwa rasmi kuwa eneo la mipango. Mpango wa Henry Kendall wa 1958 uliirejea Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi, wataalamu wa Ujerumani Mashariki waliandaa mpango wa 1968, wakati wa zama zilizozaa nyumba za maendeleo za Kikwajuni na Michenzani, na wataalamu wa China wakaandaa mwingine mwaka 1982. Mipango hiyo minne ilitofautiana kiitikadi, ila yote iliuchukua mji kuwa ndiyo kazi yake.

Kutokuwamo katika ramani hakukumaanisha kwamba pwani haikuwa na utaratibu. Utafiti wa John Middleton kuhusu umiliki wa ardhi Zanzibar, uliochapishwa mwaka 1961, ulionyesha kuwa jamii za vijijini zilikuwa na kanuni zao za kugawana ardhi kwa misingi ya ukoo na ujirani. Katika ardhi ya maweni, yenye udongo haba, watu walilima kwa kuhamahama. Mnazi ulikuwa na mwenyewe hata pale ambapo ardhi chini yake haikuwa mali yake binafsi. Ufukwe ulikuwa diko: mahali pa kupandisha vyombo, kushona nyavu na kuuza samaki. Haki hizi zilijulikana kwa kutumika, wala hazikuhitaji hati.

Mwaka 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Ugawaji wa eka tatu ulilenga zaidi maeneo yenye rutuba. Katika maweni, wanakijiji waliendelea kutumia ardhi kama zamani. Hata hivyo, nafasi yao kisheria ilikuwa imebadilika: matumizi yalibaki kwao, mamlaka ya kuigawa ardhi yakawa ya Serikali. Uzito wa mabadiliko hayo ulidhihirika baadaye, uchumi ulipofunguliwa kwa wawekezaji katikati ya miaka ya 1980 na Sheria ya Umilikaji wa Ardhi Na. 12 ya 1992 ilipoweka utaratibu wa kuwakodisha ardhi ya Serikali. Kendwa ilivutia kwa sababu maji yake hayakupwi mbali kama ya pwani ya mashariki, hivyo mgeni huweza kuogelea karibu muda wote.

Mpango wa Taifa wa Matumizi ya Ardhi wa 1995, uliofanywa kwa msaada wa Finland, ulikitazama kisiwa kizima. Lakini ulikuja wakati nyumba za wageni zimekwisha kuanza kuota kaskazini. Aidha, utaratibu wa fidia ulifuata kile kinachohesabika. Kwa kuwa ardhi ni ya Serikali, mwanakijiji alilipwa thamani ya minazi na mazao yake. Minazi ilikuwa na idadi. Njia ya kwendea pwani na diko havikuwa nayo. Hivyo desturi ya kutenganisha mti na ardhi, iliyomlinda mkulima kwa vizazi, iligeuka kuwa kipimo kilichopunguza dai lake.

Kuanzishwa kwa Idara ya Mipango Miji na Vijiji mwaka 2011 kulilipa upangaji wa shamba chombo cha kudumu. Kazi yake si nyepesi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na ya 2022 watu 1,889,773. Shinikizo hilo hukutana pwani na mahitaji ya hoteli, wavuvi na vijana wanaotafuta viwanja.

Mfano wa Kendwa unaonyesha kwamba mpango huongoza ukuaji kwa kiasi cha yale unayoyatambua. Kanda ya utalii inapochorwa kabla ya madiko, njia, visima na makaburi kuorodheshwa, mgogoro unaofuata huonekana kama ukaidi wa wanakijiji, ilhali mzizi wake umo katika ramani yenyewe. Orodha hiyo, ikikusanywa kutoka kwa wazee wangali hai na kuwekwa mbele ya mpangaji kabla hajaanza kuchora, ingekuwa waraka wa kihistoria na chombo cha upangaji kwa wakati mmoja.