Wachongaji wa Makongeni

Katika Jubilei hii tunawakumbuka wazee wetu Wamakonde, maana bila watoto wao safu ya besi ingebaki na watu wawili.

Walianza kuja kutoka Msumbiji miaka ya 1930, kukata mkonge na miwa, wengine katika mashamba ya Ramisi. Kazi ilipoisha, wengi hawakurudi. Walikuwa na ufundi mikononi: kuchonga mpingo. Kwa tezo na patasi gogo moja lilitoa ukoo mzima, babu chini, wajukuu juu, wote wameshikana. Watalii wa Diani walinunua, unga na karo vikapatikana.

Lakini serikali iliwaita wageni. Mtu kazaliwa Msambweni, mama yake kazaliwa papo hapo, na bado hana kitambulisho. Hawezi kuandikisha shamba kwa jina lake, kufungua akaunti, wala kusajili laini ya simu. Kwaya ikisafiri, waimbaji wetu kadhaa walibaki nyumbani kwa kuogopa vizuizi vya polisi. Wazee wenye chale usoni ndio hawakuwa na pa kujificha kabisa.

Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, na Februari 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43.

Mama mmoja wa sauti ya pili alikuja mazoezini na chake kimefungwa kwenye pindo la kanga. Akatuonyesha mmoja mmoja. Jioni ile hatukuimba tena.