Sala Si Malipo ya Deni

Wapendwa vijana, hapa Bunia mnatuuliza kama amani inachelewa kwa sababu hatujafunga wala kusali vya kutosha. Wengine mmeanza kuhesabu novena kama walipa deni. Sisi makatekista tuna sehemu katika kosa hilo: mara nyingi tumewafundisha kujipima kuliko kutulia mbele ya Mungu.

Tutazame historia ya jirani yetu, Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa eneo la Wamba mwaka 1939. Aliweka nadhiri mwaka 1959 katika shirika la Masista wa Jamaa Takatifu, huko Bafwabaka. Siku zake zilijaa kazi za sakristia na za jikoni, ambazo hakuna azihesabuye. Mwishoni mwa Novemba 1964 waasi wa Simba waliwachukua masista hadi Isiro. Usiku wa kuamkia Desemba 1, Kanali Olombe alitaka kumfanya mke wake. Akakataa, akapigwa, akamsamehe mpigaji wake, akauawa. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri.

Kama sala ingekuwa malipo, sista huyo angeokoka. Na msamaha ule hakuwa na muda wa kuufanyia mazoezi. Alitoa alichokuwa amepokea siku kwa siku, bila kukihesabu.

Basi tusiache sala, tuache hesabu. Amani isipofika kesho, si kwa sababu rozari yenu ilipungua. Jioni hii salini mnavyoweza, mkabidhini Mungu yaliyobaki, kisha mlale.