Waya wa Atlantiki na Tabibu Aliyeuunguza

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mtandao wa intaneti ulipozorota ghafula katika Afrika ya Mashariki, nilikuwa nimekaa barazani pamoja na jamaa watano au sita, na kwa muda usiozidi saa moja nikasikia hukumu zisizopungua nne. Mzee mmoja, ambaye simu yake alikuwa amenunuliwa na mwanawe siku chache nyuma, alininyoshea chombo akaniambia, "Mwanangu, hebu nitazamie hii, naona tumeuziwa kibovu." Kijana aliyekaa kando yake akaapa kwamba kifurushi chake kimeliwa na kampuni, wa tatu akasema mnara wa mtaani umeharibika, na wa nne akashikilia kwamba mawasiliano yamefungwa kwa makusudi na wenye amri. Hapana hata mmoja aliyetaja bahari. Kumbe ugonjwa ulikuwa baharini, mbali kusini, upande wa pwani ya Afrika Kusini, ambako nyaya mbili zinazotulisha, ule wa EASSy na ule wa Seacom, zilikuwa zimepatwa na hitilafu siku ile ile moja.

Siwalaumu jamaa zangu, kwa kuwa waya uliolala chini ya bahari hauonekani, wala hausikiki, wala hautoi moshi unapoungua, na mtu aliye nchi kavu hana budi kukitilia shaka kile kilicho mkononi mwake. Ila jina tunalolitamka kila siku lingetosha kutukumbusha. Neno simu tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao sim ni waya, nasi tulilitumia kwa taarifa za maandishi zilizopita wayani kabla ya sauti ya mtu kuweza kupita; na mwaka 1879, katika enzi ya Sayyid Barghash, waya wa namna hiyo ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea Msumbiji hata Durban, na tangu hapo habari iliyokuwa ikingoja meli majuma kadhaa ikawa inafika kwa saa chache. Lakini waya ule ulifika kwetu ukiwa umekwisha kusomeshwa kwa gharama kubwa katika bahari nyingine, na habari ya masomo hayo ndiyo niliyoazimia kuieleza hapa, kwa sababu naona kwamba hukumu zile nne za barazani zilikwisha kutolewa zote, kwa lugha nyingine, mwaka 1858.

Cyrus West Field alikuwa mfanyabiashara wa karatasi wa New York, aliyejaaliwa kupata utajiri wa kumtosha kabla ya kutimiza miaka 35, na ambaye mwaka 1854 aliingiwa na fikra ya kuziunganisha Ireland na Newfoundland kwa waya mmoja, katika zama ambazo barua ya London ilifika New York kwa merikebu ya moshi baada ya siku kumi au zaidi. Hakuwa na elimu ya umeme hata kidogo, wala hakudai kuwa nayo. Alichokuwa nacho ni subira na ulimi wa kuwashawishi matajiri, na mwaka 1856 kampuni ikaundwa Uingereza kwa rasilimali ya paundi 350,000, hisa moja paundi 1,000, zikanunuliwa upesi kuliko alivyotarajia mtu yeyote.

Mambo ya umeme yakakabidhiwa kwa Wildman Whitehouse, tabibu wa upasuaji wa mji wa Brighton, ambaye alikuwa amejifunza elimu ile kwa mikono yake mwenyewe, kwa mapenzi ya kweli na majaribio mengi. Miongoni mwa wakurugenzi wa kampuni alikuwamo William Thomson, mwalimu mkuu wa elimu ya maumbile katika chuo kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Lord Kelvin. Watu wawili hawa walikwisha kukhitilafiana hadharani kabla waya haujafumwa. Thomson alikuwa amethibitisha kwa hesabu kwamba waya wa baharini si kama waya wa nguzoni: kwa kuwa shaba iko ndani, maji ya chumvi yako nje, na baina yao pana ngozi nyembamba ya utomvu uitwao gutapacha, waya wote hugeuka mfano wa mtungi mrefu ambao lazima ujae umeme kwanza ndipo upande wa pili upate dalili, kisha lazima umwagike ndipo alama nyingine ifuate. Na uzito huo hauongezeki kwa kadiri ya urefu, bali kwa mraba wake. Waya ukirefushwa mara mbili, hukawia mara nne, ukirefushwa mara kumi, hukawia mara mia. Dawa, kwa rai yake, ilikuwa kuinenepesha shaba, kuinenepesha na ngozi yake, kisha kutumia umeme mchache na kuwa na chombo chepesi mno cha kuusikiliza. Whitehouse akaikana kanuni hiyo, akadai kwamba majaribio yake hayakuiona, na akashikilia kwamba waya mwembamba unatosha maadamu nguvu ya kusukuma ni kubwa.

Kampuni ilikuwa na haraka, na shaba nyembamba ilikuwa rahisi zaidi. Waya ukaagizwa kabla ya mjadala kwisha.

Juu ya namna ulivyotengenezwa ningependa msomaji atulie nami kidogo, kwani wengi husimulia habari ya tufani na merikebu wakaisahau ile ya karakana, hali ya kuwa waya ule ulianza kufa nchi kavu. Kazi iligawanywa kwa viwanda viwili, kimoja cha Greenwich na kingine cha Birkenhead, kila kimoja kitengeneze nusu. Na kila kiwanda kikazisokota zile nyuzi za chuma za nje kwa kuzielekeza upande wake, kimoja kulia, kingine kushoto, bila ya mtu yeyote kuuliza kabla nusu hazijakamilika. Ajuaye kusokota kamba atafahamu mara moja balaa iliyokuwamo: ncha mbili za namna hiyo zikifungamanishwa na kuning'inizwa zenye uzito, kila moja huifumua nyingine. Ikabidi ubuniwe mshikizo makhsusi wa mbao wa kuyazuia maungio yasifumuke katikati ya bahari. Tena vipande vya waya vikaachwa juani wakati wa kiangazi, gutapacha ikalainika, na mahali pengine shaba ikazama upande mmoja wa ngozi yake hata ikakaribia kuonekana. Fundi cherehani asiyeaminika hata kwa kanzu moja angeona haya kwa kazi ya jinsi hiyo, na hapa paliwekwa amana ya mabara mawili.

Mwezi wa Agosti 1857 merikebu mbili za vita, Niagara ya Wamarekani na Agamemnon ya Waingereza, zilianza kuutandaza kutoka Valentia, pwani ya magharibi ya Ireland, na baada ya siku chache breki ya mtambo wa kuuteremshia ikakazwa kupita kiasi, waya ukakatika katika kina cha pima 2,000. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Agamemnon ilipigwa na tufani hata ikakaribia kuzama na shehena yake, na waya ukakatika tena na tena. Whitehouse hakuwamo safarini, alitoa udhuru wa afya. Aliyekwenda ni Thomson, bila ya ujira, akiwa na chombo alichokibuni mwenyewe: kioo kidogo mno kilichobandikwa sumaku nyuma yake, kikaning'inizwa kwa uzi wa hariri, ambacho kilipoguswa na umeme dhaifu kiligeuka na kulisogeza doa la nuru ya taa juu ya ubao wenye vipimo. Kwa doa hilo, siku zote za kutandaza, alijua kwamba waya u hai. Tarehe 5 Agosti 1858 ncha mbili zikafika nchi kavu, moja Valentia na moja Trinity Bay katika Newfoundland.

Furaha iliyozuka Marekani ni vigumu kuipatia mfano. New York walipiga mizinga na kurusha fataki, na fataki hizo zikaliwasha moto kuba la jumba la baraza la mji. Duka la vito la Tiffany likanunua waya uliosalia, likaukata vipande vya inchi nne, likaviuza senti 50 kila kimoja, na watu wakavigombania, kama leo wanavyogombania simu mpya siku inapotoka. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno 98, zikachapishwa katika magazeti yote. Ambacho hakikuchapishwa ni kwamba maneno hayo 98 yalichukua saa 16 kupita.

Katika chumba cha Valentia, Whitehouse alikuwa ameiweka kando betri ndogo, akaunga waya na makoili yake makubwa, yenye urefu wa futi tano, yenye kutoa nguvu inayokadiriwa kuwa volti 2,000. Penye ngozi nyembamba, umeme ukatafuta njia ya kutokea maji. Kila alipoona dalili zinafifia aliongeza nguvu, na kila alipoongeza nguvu tundu lilipanuka. Na huku chombo chake cha kupokelea kikishindwa, maneno yalipokewa kwa kioo cha Thomson, kisha yakapigwa upya katika chombo cha Whitehouse ili ripoti iende London kwamba mtambo wake unafanya kazi. Kosa la kwanza naweza kumsamehe, kwa kuwa elimu ilikuwa changa na hapana aliyekuwa na uzoefu wa waya wa urefu ule. Hili la pili silisamehe, maana aliuona ushahidi kwa macho yake akauvika nguo isiyokuwa yake. Wakurugenzi wakamfukuza mwezi ule ule wa Agosti, lakini mgonjwa alikuwa amekwisha kuumizwa.

Kabla ya kunyamaza, waya ulifanya jambo moja lenye faida iliyo dhahiri: vikosi vya askari vilivyokuwa Canada viliamriwa visisafiri kwenda Uingereza, kwa kuwa maasi ya Bara Hindi yalikuwa yakitulia, na amri hiyo moja ikaokoa gharama iliyokisiwa kuwa paundi 50,000. Tarehe 1 Septemba mji wa New York ulimwandalia Field maandamano ya kumtukuza, na ilikuwa siku hiyo hiyo waya uliposema maneno yake ya mwisho yaliyofahamika.

Hapo ndipo hukumu za barazani zilipoanza. Wale waliovaa vipande vya Tiffany wakasema hapakuwa na waya uliosema kitu; wengine wakaapa kwamba salamu za Malkia zilitungwa na walanguzi ili wauze hisa zao kwa bei kubwa; wengine wakamtuhumu Field nafsi yake. Kwa nini wasiseme hivyo? Kampuni iliwatangazia ushindi kwa mizinga, na udhaifu ikauficha, na mtu aliyeonyeshwa fataki tu hana kitu cha kushika moto unapozimika.

Msiba wa pili ulitokea karibu zaidi na kwetu. Mwaka 1859 na 1860 ukatandazwa waya mwingine kutoka Suez kupitia Bahari ya Sham hadi Aden, na kutoka Aden kupitia visiwa vya Kuria Muria, ambavyo Sayyid Said alikuwa amemtunuku Malkia mwaka 1854, mpaka Maskati na Karachi. Huu ulivutwa mno ulipotandazwa, ukaning'inia baina ya miamba ya chini badala ya kuilalia, viumbe vya bahari vikauganda, na uzito wao ukaukata vipande vipande. Haukufanya kazi hata siku moja kwa urefu wake wote, na serikali ya Uingereza, iliyoudhamini bila ya sharti, ikawa inalipia maiti hiyo kila mwaka.

Basi ikaundwa kamati, ikawahoji mafundi, wenye viwanda na wataalamu, na mwaka 1861 ikatoa taarifa nene, ambayo ndani yake iligundulika kwamba katika maili 11,000 hivi za waya wa baharini zilizokwisha kutandazwa duniani, zilizokuwa hai ni kama 3,000. Kamati ilimtwika Whitehouse lawama nyingi, nami nadhani zilizidi, kwa kuwa waya uliosahauliwa juani na kusokotwa kulia na kushoto haungeishi miaka mingi hata mikononi mwa Thomson. Faida yake kubwa ilikuwa kuonyesha kwamba mafundi hawakuwa na vipimo vya shirika. Kila mmoja alipima ukinzani wa shaba kwa kijiti chake, na mwenye kununua hakuwa na njia ya kuyahakiki madai ya mwenye kuuza. Kutokana na haja hiyo ndipo wataalamu walipokaa kuviweka vipimo tunavyovikuta hata leo nyuma ya kila chaja, volti na wenzake.

Waya mpya ukafumwa, wenye shaba karibu mara tatu ya ule wa kwanza kwa uzito, ukapakiwa wote katika merikebu moja, Great Eastern, kubwa kuliko zote za wakati ule. Mwaka 1865 ukapotea baharini kabla safari haijakwisha. Mwaka 1866, tarehe 27 Julai, waya mwingine ukafika Newfoundland salama, na merikebu ikarudi katikati ya bahari, ikauvua kwa ndoana ule uliopotea mwaka uliopita, ikauunga, zikawa nyaya mbili.

Mwezi wa Septemba mhandisi Latimer Clark alikuwa Valentia. Akaagiza nyaya zote mbili zifungwe pamoja ng'ambo ya bahari, ziwe njia moja ya kwenda na kurudi yenye maili 3,700 hivi. Kisha akaazima subana ya fedha kwa binti mmoja wa pale, ya kuvaa kidoleni wakati wa kushona, akatia ndani yake tone la asidi na kipande kidogo cha zinki, akaifanya betri, akaiunga na waya, akageuka kutazama ubao wenye vipimo. Baada ya sekunde moja na kitu, doa la nuru likasogea.