Watu Wawili Juu ya Betri

Modeli ninayoiunda ni ya ndege ya Farman, kwa mbao nyepesi na karatasi. Mota yake ya umeme iko nyuma ya mabawa, kama injini ya ile halisi, kwa hiyo betri nimeilaza puani ili uzito ulingane. Mahali hapo walikaa watu.

Tarehe 11 Julai 1915, rubani Cull na mwenzake Arnold waliruka kutoka Mafia hadi delta ya Rufiji, ilikojificha manowari ya Kijerumani, Königsberg. Meli za Kiingereza, Severn na Mersey, zilikuwa zikipiga bila kuiona. Arnold alizielekeza kwa redio kutoka juu. Ndege ikapigwa. Hata ikishuka, aliendelea kutuma masahihisho. Walianguka mtoni, wakaokolewa. Königsberg haikutoka tena.

Nimewachonga wote wawili, wameketi juu ya betri. Lakini uwanja wa Mafia haukujifyeka wenyewe, na vitabu nilivyosoma vinawataja marubani tu. Basi kwenye kibao cha kuegeshea ndege nimepanda nyasi, nusu zimekatwa. Pembeni nimelaza panga dogo.