Bustani za Yedikule: Waliokuwa Wakiilisha Istanbul



Ndugu wasomaji, neno letu "bustani" asili yake ni Uajemi. Waturuki nao walilichukua, na kwao linatamkwa "bostan". Lakini kwa watu wa Istanbul bostan si mahali pa maua na viti vya kupumzikia. Ni shamba la mboga lililo ndani ya mji, lenye kisima chake, vitalu vyake vya miche na kibanda cha mkulima pembeni. Tumependa kuwasimulia wazazi na wanafunzi wetu habari za bustani hizo, hasa zile za Yedikule, kwa sababu tunapowafundisha watoto historia ya mji ule tunawatajia masultani na misikiti, na ni nadra kumtaja aliyekuwa akipeleka mboga sokoni alfajiri.

Yedikule maana yake ni Minara Saba. Ni ngome aliyoijenga Sultan Mehmed wa Pili, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Muhammad al-Fatih, miaka michache baada ya kuufungua mji mwaka 1453. Ngome hiyo imeshikana na ukuta mkubwa uliojengwa na Warumi katika karne ya 5. Nje ya ukuta kulikuwa na handaki la kuzuia maadui. Handaki likajaa udongo, udongo ukawa mzuri, watu wakalima humo. Ndani ya ukuta nako kulikuwa na bustani nyingi. Daftari la serikali ya Uthmaniya la miaka ya 1730 linahesabu zaidi ya bustani 300 ndani ya mji wa kale, na watu zaidi ya elfu moja waliokuwa wakifanya kazi humo. Miongoni mwa wakulima wa zama hizo walikuwemo Waalbania, Wabulgaria na Wagiriki, Waislamu na Wakristo.

Nyingi ya bustani hizo zilikuwa ardhi ya wakfu. Mkulima alilipa kodi, na kodi ile ikaendesha msikiti, madrasa au jiko la kuwapikia masikini. Sote tunaijua hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda kitu, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Pale Istanbul mafundisho hayo yalikuwa na daftari, mpangaji na siku ya kulipa kodi. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwani siku hizi likitajwa neno wakfu watu hufikiria jengo tu.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Maji yalivutwa kisimani kwa gurudumu la ndoo lililozungushwa na mnyama, yakapita kwenye mifereji midogo mpaka kwenye matuta. Samadi ilitoka kwenye mazizi ya farasi ya mji wenyewe. Mbegu mkulima aliziweka mwenyewe, akichagua mche ulio bora na kuuacha ukomae bila kuuvuna. Kwa njia hiyo kila mtaa ukapata mboga yake yenye jina. Yedikule ilisifika kwa letusi yake kubwa. Langa ilisifika kwa matango.

Habari ya Langa inastaajabisha. Zamani pale palikuwa bandari ya Warumi. Ikajaa mchanga na tope, ikageuka bustani kwa karne nyingi, kisha mji ukaifunika. Kuanzia mwaka 2004, walipochimba kwa ajili ya reli ya kupita chini ya bahari, wataalamu walikuta mabaki ya majahazi 37 ya kale. Majahazi yakapata wataalamu wa kuyahifadhi, na ni haki yake. Bustani zilizokuwa juu yake zimebaki jina la tango.

Mji ulibadilika haraka sana. Mwaka 1950 Istanbul ilikuwa na watu kama milioni moja. Leo wamezidi milioni 15. Katika miaka ya 1950 serikali ya Adnan Menderes ilipasua barabara pana katikati ya mji wa kale, na mojawapo ilipita kwenye bonde lililokuwa limejaa bustani. Mboga zikawa zinaletwa kwa malori kutoka mbali. Waliobaki Yedikule wengi walikuwa wahamiaji kutoka Kastamonu, karibu na Bahari Nyeusi, waliojifunza kazi kwa waliowatangulia.

Mwezi wa Julai 2013 matingatinga ya baraza la wilaya yaliingia kwenye bustani za ndani ya ukuta na kumwaga kifusi juu ya mboga zilizokuwa bado shambani. Wilaya yenyewe inaitwa Fatih, kwa jina la sultani yule yule. Mpango ulikuwa kujenga bustani ya mapumziko. Wakazi, wanafunzi na wataalamu wa mambo ya kale walikwenda kupinga. Wasomaji walioona mabonde ya Kampala yakijazwa kifusi hawahitaji kuelezwa mandhari hiyo.

Hatusemi kwamba mji hauhitaji mahali pa watoto kuchezea. Linalotusumbua ni kwamba ukuta ule uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1985, na hakuna ambaye angethubutu kuuvunja kwa tingatinga mchana kweupe. Udongo uliolimwa chini yake kwa karne nyingi ulionekana kama uwanja mtupu, kwa kuwa jiwe likikaa miaka mia huitwa historia, na tuta la mboga kila mwaka huonekana jipya.

Januari 2016 vibanda vya wakulima waliobaki kando ya ukuta navyo vilibomolewa. Kibanda ndicho mkulima anachowekea zana zake na kujikinga na baridi.

Wapo watu Istanbul waliojitahidi kuirudisha ile letusi ya Yedikule, ambayo sasa ni adimu. Mbegu za dukani zilikuwa zimeshachukua nafasi yake hata katika bustani zilizonusurika, na wanaojua ni mche upi wa kuuacha ukomae wengi wao ni wazee.