Mwinamo wa Barabara

Mwinamo ni kipimo cha ukali wa mpando: hueleza barabara inapanda au kushuka kiasi gani kwa umbali inaosonga mbele. Waitalia hukiita pendenza, na katika mbio za baiskeli ndicho kipimo kinachotajwa kwanza mlima unapozungumzwa, mara nyingi hata kabla ya urefu wake. Huandikwa kwa asilimia. Barabara yenye mwinamo wa asilimia 8 hupanda mita 8 kwa kila mita 100, yaani mita 80 kwa kila kilometa. Nchini Italia alama ya pembetatu yenye ukingo mwekundu hubeba tarakimu hiyo mahali mlima unapoanza, ili dereva wa lori na mwendesha baiskeli wajue kinachowangoja.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kimo kilichopandwa hugawanywa kwa umbali wa usawa, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Umbali wa usawa ni ule unaopimwa kwenye ramani, si ule unaosomwa na mita ya baiskeli, lakini kwa barabara za kawaida tofauti ni ndogo mno: kwenye mwinamo wa asilimia 10, barabara huizidi ramani kwa mita 5 tu katika kilometa nzima. Watu wengi hudhani kwamba asilimia 100 ni ukuta uliosimama wima. Sivyo. Asilimia 100 ni pembe ya digrii 45, mahali ambapo kila mita moja mbele ni mita moja juu. Asilimia 10 haifiki digrii 6, na asilimia 20 huzidi digrii 11 kidogo tu. Digrii hufanya mlima uonekane mdogo kuliko miguu inavyousikia. Asilimia humpa mpandaji mita atakazopanda moja kwa moja, na ndiyo sababu imeshinda.

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayolizunguka jambo hili, na ni vema kila moja libaki na kazi yake. Mwinuko umekwisha kuzoeleka kwa maana ya kimo kutoka usawa wa bahari, kama inavyosemwa kwamba mji fulani uko kwenye mwinuko wa mita 1,500. Likitumika tena kwa ukali wa mpando, msomaji atakayeambiwa kwamba kilima kina mwinuko mkubwa hatajua kama ni kirefu au ni kikali. Mteremko huelekea chini; anayeuzungumzia tayari yuko juu. Mwinamo, lililotokana na kuinama, halichagui upande: kitu kilichoinama kinaweza kutazamwa kutoka juu au kutoka chini, na kadiri kinavyoinama ndiyo inayopimwa. Ndilo linalofaa kubeba asilimia. Kwa lugha ya madereva wa Afrika Mashariki kuna mlima pia, neno ambalo barabarani halimaanishi kilele bali kipande cha njia kinachopandisha, na matumizi hayo yanakubaliana kabisa na yale ya wapanda baiskeli. Hivyo inawezekana kusema bila utata: mlima wa kilometa 3, wenye mwinamo wa asilimia 7, unaofika kwenye mwinuko wa mita 290.

Uzito wa kutenganisha kimo na mwinamo huonekana vizuri katika mkoa wa Marche, katikati ya Italia, upande wa bahari ya Adriatiki. Vilima vyake vya karibu na pwani si virefu. Recanati, mji aliozaliwa mshairi Giacomo Leopardi mwaka 1798, uko karibu mita 300 tu juu ya bahari. Hata hivyo waendesha baiskeli wa kulipwa huiogopa nchi hiyo, na sababu iko katika umbo la ardhi. Mito ya Esino, Musone, Potenza, Chienti, Tenna na Aso hutoka katika milima ya Apenini na kushuka hadi baharini ikiwa karibu sambamba, kama meno ya kitana. Katikati ya kila mabonde mawili kuna mgongo wa ardhi ya mfinyanzi na mchanga, na juu ya migongo hiyo ndiko watu wa Zama za Kati walikojenga miji yao kwa ajili ya usalama, nyuma ya kuta za matofali.

Kwa hiyo uelekeo wa safari ndio unaoamua mwinamo. Anayefuata barabara kuu ya pwani hukuta tambarare, bahari kwa upande mmoja na reli karibu naye. Anayeingia bara kwa kufuata bonde la mto hupanda polepole kwa kilometa nyingi. Anayepita juu ya mgongo, kutoka mji hadi mji, hupata njia ya panda-shuka isiyo kali sana, yenye mashamba ya ngano na alizeti pande zote mbili. Lakini anayekata kutoka bonde moja hadi jingine, akienda sambamba na ufuko kilometa 15 au 20 ndani, hulazimika kuuvuka kila mgongo, na barabara zinazouvuka mara nyingi ni njia za zamani zilizopanda moja kwa moja hadi lango la mji bila kuzungukazunguka. Kilima kile kile cha mita 250 huwa mchezo kwa mmoja na adhabu kwa mwingine.

Hatua ya 10 ya mbio za baiskeli za Giro d'Italia, tarehe 17 Mei 2022, ilichorwa juu ya tofauti hiyo. Ilikuwa na kilometa 196, kutoka Pescara hadi Jesi. Sehemu ya kwanza ilifuata pwani kuelekea kaskazini, tambarare kabisa. Kisha njia ikageukia bara na kuanza kuivuka migongo ya Marche, ikipita Recanati na Filottrano, mji wa Michele Scarponi, mwendesha baiskeli aliyegongwa na gari na kufariki akiwa mazoezini mwaka 2017. Wakimbiaji wazito wa kasi ya mwisho walibaki nyuma mmoja baada ya mwingine. Mwishoni Biniam Girmay wa Eritrea alimshinda Mathieu van der Poel wa Uholanzi, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mojawapo ya mashindano makubwa matatu ya Ulaya. Ushindi huo ulihitaji mtu mwenye kasi ya mwisho ambaye pia miguu yake haikuuawa na miinamo mikali ya mfululizo, na watu wa aina hiyo ni wachache.

Tarakimu ya mwinamo inapotolewa, ni lazima kuuliza kama ni ya wastani au ya juu kabisa. Wastani huficha mengi. Chukua barabara inayotoka kwenye mwinuko wa mita 60 bondeni hadi mita 240 mlangoni mwa mji, kwa umbali wa kilometa 2.4. Imepanda mita 180, kwa hiyo wastani wake ni asilimia 7.5, tarakimu isiyomtisha mwenye mazoezi. Sasa itazamwe kipande kwa kipande kwa kuhesabu mistari ya kontua kwenye ramani. Kilometa ya kwanza hupanda mita 40 tu: asilimia 4. Mita 800 zinazofuata hupanda mita 120: asilimia 15. Mita 600 za mwisho, zikizizunguka kuta za mji, hupanda mita 20. Mlima huu kwa kweli ni mita 800 za katikati, na wastani haukuzitaja.

Kipande kama hicho, kifupi na kikali, Waitalia hukiita muro, yaani ukuta, na Kiswahili kinaweza kuichukua tafsiri hiyo ilivyo. Ukuta wa Sant'Elpidio a Mare, uliomo Marche karibu na pwani, una sehemu zinazozidi asilimia 25. Ulipowekwa katika mbio za Tirreno-Adriatico mwaka 2013, wapo waendesha baiskeli wa kulipwa waliolazimika kushuka na kusukuma baiskeli zao. Matumizi hayo yamekwisha kufika karibu na wasemaji wa Kiswahili: mjini Kigali, ambako mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Septemba 2025 kwa mara ya kwanza barani Afrika, mpando mfupi uliotandikwa mawe unajulikana kwa jina la Kifaransa lenye maana hiyo hiyo, ukuta wa Kigali.

Athari ya mwinamo kwa mwili inaweza kuhesabiwa. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 80 kwa jumla, kupanda mwinamo wa asilimia 12 kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa ni sawa na kunyanyua kilo hizo mita 1,200 kwa saa, kazi inayodai nguvu ya wati 260 kwa uzito peke yake. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi mazuri huweza kudumu na wati 200 hivi. Basi atalazimika kupunguza mwendo hadi chini kidogo ya kilometa 8 kwa saa. Hapo ndipo gia zinapoingia. Akiwa na gia ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye meno 34, kila mzunguko mmoja wa pedali humsogeza kama mita 2.1, naye atazinyonga mara 60 kwa dakika, mwendo unaovumilika. Kwa gia za zamani za wakimbiaji, meno 39 mbele na 25 nyuma, mwendo ule ule ungempa mizunguko isiyofika 40. Magoti yangelalamika, na kila mkanyago ungekuwa kama wa kuanza upya.

Kwenye mwinamo mdogo mambo hugeuka. Poggio, mlima wa mwisho wa Milano-Sanremo katika pwani ya Liguria, uliingizwa kwenye mbio hizo mwaka 1960. Una kilometa 3.7 kwa wastani usiofika asilimia 4, ukipita kati ya mabanda ya vioo ya maua na mizeituni. Walio bora huupanda chini ya dakika 6, zaidi ya kilometa 37 kwa saa. Kwa kasi hiyo upepo unadai sehemu kubwa ya nguvu, na anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa nguvu nyingi. Kwenye ukuta wa Marche kasi ni ndogo, upepo hauna uzito, na mgongo wa mwenzako haukusaidii. Ndiyo maana mwinamo mkali huwatenganisha watu kwa haki zaidi, ilhali Poggio hudai ujanja na kuthubutu.

Istilahi mbili za jirani zinastahili kutajwa. Falsopiano ni tambarare danganyifu, barabara yenye asilimia 1 au 2 ambayo jicho huiona imelala, kama ile ya mabonde ya mito. Humchosha mtu asijue kwa nini. Dislivello ni mpando wa jumla: mita zote zilizopandwa katika safari, bila kupunguza zilizoshukwa. Migongo mitano ya mita 200 kila mmoja hufanya mita 1,000, hata kama mpandaji hakuwahi kuwa juu ya mita 300.

Barabara inaposhuka, mwinamo huandikwa kwa alama ya kutoa: asilimia 12 ya kushuka ni −12. Mteremko nao huamua mbio. Matej Mohorič wa Slovenia alishinda Milano-Sanremo ya 2022 kwa kuwaacha wenzake alipokuwa akishuka Poggio, akitumia nguzo ya kiti inayoweza kuteremshwa. Uzito ule ule uliodai wati wakati wa kupanda sasa huzirudisha. Kilo 80 zikishuka −12 kwa kilometa 36 kwa saa huachia zaidi ya wati 900, na kwa kuwa upepo na tairi humeza sehemu ndogo tu, zilizobaki huwa joto kwenye breki. Breki za kubana rimu hulipeleka joto hilo karibu na tairi. Za diski huliweka mbali na tairi.