Jalada: maana, asili na tofauti yake na juzuu

Jalada (nomino; ngeli ya LI-YA; wingi: majalada)

Maana

1. Kifuniko cha kitabu kinachozilinda kurasa zake. *Msahafu huu una jalada la ngozi.* Jalada la ubao wa karatasi huitwa jalada gumu. La karatasi nzito inayopindika huitwa jalada laini au jepesi.

2. Nyaraka za shauri moja zilizohifadhiwa pamoja, faili. *Upelelezi umekamilika na jalada limepelekwa kwa mwendesha mashtaka.*

Asili

Neno hili limetoka katika Kiarabu, katika mzizi j-l-d, ambamo *jild* ni ngozi. Kwa asili yake, basi, kukitia kitabu jalada ni kukivika ngozi. Kiswahili kina pia kitenzi *jalidi* (au *jelidi*), yaani kutia kitabu jalada. Ndugu yao mwingine ni *mjeledi*: mzizi uleule ndio unaozaa kitenzi cha Kiarabu cha kuchapa viboko.

Maana hiyo ya ngozi haikuwa ngeni kwa wenyeji wa pwani. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa kazi ya ngozi na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Leo majalada mengi ni ya karatasi au kitambaa, na jina limebaki ingawa ngozi imeondoka. Kwa hiyo anayesema "jalada la ngozi" harudii neno, wala anayesema "jalada la karatasi" hajipingi.

Jalada na juzuu

Hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa. *Juzuu*, kutoka Kiarabu *juz'*, ni sehemu. Kurani imegawanywa katika juzuu 30, na mgawanyo huo haubadiliki hata msahafu ukifungwaje. Msahafu mzima waweza kuwa ndani ya jalada moja. Pia kila juzuu yaweza kujalidiwa peke yake, yakapatikana majalada 30.

Kwa ufupi, juzuu ni mgawanyo wa maandishi. Jalada ni kazi ya mjalidi. Juzuu huamuliwa na mwandishi, mhariri au mapokeo, ilhali jalada laweza kubadilishwa na yeyote aliye na sindano, uzi na gundi.

Tazama sentensi hizi mbili:

*Maktaba ina kamusi hiyo katika juzuu mbili.*
*Maktaba ina kamusi hiyo katika majalada mawili.*

Ya kwanza yaeleza jinsi kamusi yenyewe ilivyopangwa. Ya pili yaeleza kinachoonekana rafuni. Iwapo maktaba imezifunga juzuu hizo mbili pamoja, sentensi ya kwanza bado ni kweli, lakini ya pili si kweli tena. Msomaji anayetafuta "jalada la pili" atarudi mikono mitupu, akidhani kitabu kimepotea.

Ushauri

Unapotaja marejeo ya kitabu au jarida, andika *Juzuu 2*, si *Jalada 2*. Liweke *jalada* kwa kifuniko na kwa faili. Iwapo matini unayoifasiri haibainishi kama inahesabu sehemu za kazi au vitabu vilivyofungwa, tafuta nakala yenyewe uitazame kabla ya kuchagua neno.

*Linganisha:* juzuu, toleo, nakala, faili, msahafu.